David Sheldrick: Msimamizi wa Tsavo aliyewaachia ndovu mayatima mlango wazi

KILA jioni, jua linapoanza kuinama juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kundi la ndovu wachanga hurejea mbio kutoka vichakani. Kila mmoja hukimbilia banda lake, kwa kuwa anajua chupa ya maziwa inamngoja humo. Mbele na nyuma yao hutembea wanaume waliovalia makoti ya kijani, na giza linapotanda wanaume hao hawaendi makwao.

Mlezi hulala katika banda lilo hilo, juu ya kitanda kilichoinuliwa kidogo, naye ndovu hulala chini yake juu ya nyasi kavu. Kila baada ya saa tatu hushuka kumnyonyesha. Blanketi likianguka, mkonga humfikia na kumgusa hadi ashuke kulirudisha. Usiku unaofuata mlezi huyo hupelekwa kwa ndovu mwingine, na mwenzake huchukua mahali pake.

Mgeni anaweza kudhani kubadilishana huko ni ratiba ya kazi tu, kama zamu za walinzi wa benki. La hasha. Ni kanuni iliyopatikana kwa gharama ya uhai, mjini Voi, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Nayo ni sehemu ya urithi wa mtu ambaye hakuwahi kuyaona mabanda hayo ya Nairobi, ingawa kwa zaidi ya miaka 40 yalijulikana kwa jina lake: David Sheldrick.

Wakenya wengi hulijua jina hilo kutokana na kazi ya mjane wake, Daphne, aliyeaga dunia Aprili 12, 2018. Mume mwenyewe alikufa mapema mno, kabla ya kamera za televisheni kuanza kumiminika. Aliyoyafanya hayakuwa yote ya kunyonyesha watoto wa ndovu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa askari, na vita alivyopigana Tsavo viliacha majeraha kwa watu pia.

David Leslie William Sheldrick alizaliwa Novemba 23, 1919 mjini Alexandria, Misri. Aliletwa Kenya angali mtoto wa kubebwa. Babake alikuwa miongoni mwa wanajeshi wa Uingereza waliogawiwa mashamba nchini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, katika ardhi ambayo wenyeji hawakuulizwa kama waliridhia. Familia ikaanza kulima kahawa Mweiga, karibu na Nyeri.

Kama ilivyokuwa desturi ya walowezi, kijana alipelekwa Uingereza kusoma, akarejea kujaribu ukulima. Vita vya Pili vya Dunia vikamkatiza. Aliingia katika kikosi cha King's African Rifles, akapigana Uhabeshi na baadaye Burma, na alipovua sare alikuwa na cheo cha meja. Amani iliporejea aliwaongoza wageni matajiri katika safari za uwindaji na upigaji picha.

Mnamo Aprili 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza eneo kubwa la nyika kati ya Nairobi na Mombasa kuwa mbuga ya kitaifa. Tsavo ilikuwa imejulikana tangu 1898, wakati simba wawili walipowala wajenzi wa reli mtoni. Ukubwa wake ulizidi kilomita mraba 20,000, ukagawanywa sehemu mbili za mashariki na magharibi, mpaka ukifuata njia ya reli na barabara kuu. Sheldrick alikabidhiwa upande wa mashariki, ambao leo una takriban kilomita mraba 13,700.

Sababu ya nyika hiyo kutengewa wanyama ilikuwa rahisi. Ilikuwa kavu, imejaa miiba na mbung'o, na hakuna mlowezi aliyeitamani. Katika ofisi za Nairobi ilihesabiwa kuwa nchi isiyo na mwenyewe.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa.

Upande wa mashariki ulikuwa ardhi ya mawindo ya Waata, jamii ndogo yenye lugha ya jamaa ya Waoromo, ambao majirani na wazungu waliwaita Waliangulu. Walikuwa wawindaji wa ndovu kwa vizazi vingi. Upinde wao ulikuwa mrefu na mgumu, ukihitaji nguvu ya kilo 50 au zaidi kuuvuta, na mtu asiyezoezwa tangu utotoni hakuweza kuupinda. Mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwa mti wa porini, na fundi wa sumu nzuri aliheshimiwa kama fundi wa chuma.

Mwindaji wa Waata alimkaribia ndovu kwa miguu, akipima upepo kwa vumbi, hadi umbali wa hatua chache. Mshale mmoja uliofika tumboni ulitosha. Nyama ililiwa na kukaushwa, mafuta yakahifadhiwa, na umaarufu wa mtu ukapimwa kwa ndovu aliowaangusha. Kwa ujuzi wa nyayo, kinyesi, majira na njia za ndovu, pengine hapakuwa na watu Kenya nzima waliowafikia.

Pembe nazo zilikuwa na safari yake. Zilibebwa usiku hadi kwa wachuuzi wa Pwani, mwindaji akaambulia kidogo, naye tajiri aliyezipakia majahazini akapata donge nono. Kadiri bei ilivyopanda baada ya vita ndivyo mishale ilivyoongezeka. Wakamba wa upande wa kaskazini na magharibi nao walikuwa wakiingia kuwinda. Sheldrick, aliyekuwa akipasua barabara za kwanza katika miiba hiyo, alianza kukuta mizoga pande zote.

Ikumbukwe kwamba alipofika hapakuwa na chochote cha kuitwa mbuga. Palikuwa na stesheni ya Voi, na zaidi ya hapo vichaka. Yeye na vibarua wake walijenga makao makuu, wakachimba mabwawa, wakafyeka njia hadi mto Galana na kwingineko. Bwawa la Aruba, lililojengwa 1952 kuukinga mto Voi, lilivuta wanyama na watalii kwa miongo mingi.

Alikuwa mtu wa nidhamu, mwenye kupenda kila chombo kiwe mahali pake na kila gari lifanyiwe matengenezo siku yake. Mshahara ulikuwa mdogo na fedha za mbuga zilihesabiwa kwa senti, kwa hivyo ufundi mwingi aliufanya mwenyewe. Kama angebaki mjenzi tu, huenda jina lake lingejulikana na mafundi wa barabara pekee.

Lakini meja aliyetoka Burma aliitazama mizoga ile kwa jicho la kijeshi. Aliunda kikosi cha askari wa nyika, wengi wao vijana wa kaskazini mwa nchi wakiwemo Waturkana na Wasamburu, waliozoea kiu na mwendo mrefu. Aliwafunza gwaride, upelelezi na kukaa porini kwa wiki kadhaa na mgao mdogo wa chakula. Kikosi hicho kilikuwa kielelezo cha vikosi vya kukabiliana na ujangili vilivyofuata nchini.

Kati ya 1956 na 1957, akishirikiana na msimamizi mwenzake Bill Woodley aliyekuwa ametoka kupambana na Mau Mau misituni, Sheldrick aliendesha msako mkubwa. Mbinu zilifanana na zile za Hali ya Hatari. Mtu alikamatwa, akahojiwa, akataja wenzake, nao wakafuatwa vijijini usiku. Mamia walitiwa mbaroni na shehena za pembe zikafukuliwa mchangani. Msako ulipokwisha, uwindaji wa mishale mashariki mwa Tsavo ulikuwa umevunjwa mgongo.

Kwa mbuga ulikuwa ushindi. Kwa Waata ulikuwa mwisho wa maisha waliyoyajua. Wanaume wao bora walipelekwa jela kwa kosa la kufanya kazi ambayo baba zao walisifiwa kwayo, nao waliporudi nyumbani hawakuwa na mifugo wala mashamba ya kuwashika mkono. Wakubwa wa biashara ya pembe hawakuonja adha hiyo kwa kiwango hicho.

Wasimamizi wenyewe waliliona jambo hilo. Kuwafuata wawindaji kwa miezi kuliwafanya wawaheshimu, na baadhi yao walikiri kuwa Waata waliwajua ndovu kuliko mtu yeyote mwenye cheo. Mnamo 1960 mpango wa kuvuna wanyama kihalali ulianzishwa kando ya Galana, mashariki mwa mbuga, ili Waata wapate riziki. Wazo lilikuwa jema, lakini halikuwarudishia walichopoteza, na baada ya miaka michache ardhi hiyo ikageuka kuwa ranchi ya ng'ombe. Hadi leo jamii hiyo ndogo ingali inadai kutambuliwa na kupewa mahali pa kuita pake.

Vita hivyo ndivyo vilivyomfanya Sheldrick kuwa mlezi. Ndovu jike akiuawa, ndama wake hubaki kando ya mzoga. Ndama wengine walitumbukia visimani au waliachwa wakati wa kiangazi. Askari walipowapata waliwaleta Voi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka.

Miongoni mwa wa kwanza walikuwa Samson na Fatuma, walioletwa katika miaka ya 1950. Baadaye akaja Eleanor, aliyepatikana Samburu na kuwekwa Nairobi kwa muda kabla ya kufika Tsavo katika miaka ya mwanzo ya 1960. Aliitwa kwa jina la mkewe Gavana Patrick Renison. Hakuwa mchanga sana, lakini alikuwa na moyo ambao walezi wake hawakuwahi kuuona: kila yatima mpya aliyeletwa, Eleanor alimfuata, akamkagua kwa mkonga na kumfanya wake.

Mwaka wa 1960 Sheldrick alimwoa Daphne, mzaliwa wa Kenya aliyekua miongoni mwa wanyama shambani kwao. Nyumba yao ya Voi ikawa kama safina ya Nuhu. Kulikuwa na Rufus, kifaru mweusi aliyekuzwa kwa chupa. Kulikuwa na nyati, pundamilia, mbuni na nguchiro, na hata ndege mmoja aliyebandikwa jina la Gregory Peck, mwigizaji wa sinema. Daphne aliandika habari zao katika kitabu kuhusu mayatima wa Tsavo kilichochapishwa 1966.

Kwa wageni waliopita, mandhari hayo yalifurahisha. Kwa mwenye nyumba yalikuwa na sharti zito. Sheldrick hakutaka mnyama wa kufugwa. Aliamini kwamba ndovu aliyeokolewa na kisha kufungwa maisha hajaokolewa. Kila asubuhi milango ya zizi ilifunguliwa, mayatima wakatoka kwenda malishoni na wachungaji wao, wakakutana na makundi ya porini kwenye madimbwi. Jioni walirudi kwa hiari yao. Siku ambayo mmoja hakurudi, hapakuwa na kamba ya kumfuatia.

Ni rahisi kulisema sharti hilo, na vigumu kuliishi. Walioliishi zaidi ni wachungaji hao, vibarua na askari Waafrika ambao vitabu huwataja kwa uchache. Wao ndio waliotembea na ndovu kutwa katika jua la Voi, wakiwa hawana silaha ya maana dhidi ya simba wala nyati. Walijua nani huogopa radi na nani hupenda kupigana miereka matopeni. Kisha siku moja yule waliyemkuza huelekea upande mwingine na kundi la wageni, nao hutakiwa kushangilia.

Kutembea huko kulikuwa na faida nyingine. Msimamizi aliweza kusimama karibu na ndovu wanaokula na kuona ni mmea gani wanaouchagua, katika majira gani, na wanaukata vipi. Katika enzi ambapo wataalamu wengi walimjua ndovu kupitia mtutu wa bunduki au kisu cha upasuaji, Voi ilimjua akiwa hai.

Ujuzi huo ulihitajika mno, kwa maana ndovu wenyewe walikuwa wameanza kuwa tatizo. Baada ya uwindaji kukomeshwa waliongezeka, na wengine wakakimbilia mbugani kutoka maeneo yaliyofunguliwa kwa mashamba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa zaidi ya 35,000 katika eneo zima la Tsavo. Miti ilivunjwa, mibuyu ikachimbwa hadi ikaanguka, na nchi iliyokuwa msitu wa miiba ikaanza kuonekana kama jangwa.

Mwanasayansi Mwingereza Richard Laws aliwekwa kuongoza utafiti Tsavo. Mwaka wa 1966 ndovu 300 waliuawa ili wapimwe. Laws alihitimisha kwamba idadi ilikuwa imepita uwezo wa ardhi, akapendekeza maelfu zaidi wauawe, kwanza kwa uchunguzi na huenda baadaye kwa kupunguza idadi. Hoja zake hazikuwa za mzaha. Alikuwa mtaalamu mkubwa, na takwimu zilimuunga mkono.

Sheldrick alipinga. Msimamo wake ulikuwa kwamba mbuga si shamba. Ndovu akiangusha miti, nyasi huota, na wala-nyasi kama pundamilia na nyati hunufaika. Chakula cha ndovu kikipungua, ndovu hupungua, na miti hurudi. Alitaka maumbile yaachwe yafanye hesabu yake, hata kama hesabu hiyo ilichukua miaka mingi kuliko maisha ya msimamizi mmoja. Bodi ya mbuga za kitaifa, ambayo tangu 1966 mkurugenzi wake alikuwa Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, haikuidhinisha mauaji hayo. Laws alijiuzulu 1968.

Miaka miwili baadaye mvua ilikosekana.

Ukame wa 1970 na 1971 uliua takriban ndovu 6,000 Tsavo. Wengi walikuwa majike na ndama, kwa kuwa majike wenye watoto hawawezi kwenda mbali na maji, nao walikula kila kitu kando ya mto Galana hadi wakabaki na kiu iliyoshibishwa na tumbo tupu. Hawakufa kwa mkupuo. Walikonda kwa miezi, wakalala chini ya miti isiyo na majani, na hawakuinuka. Askari waliofunzwa kupambana na majangili sasa walizunguka kukusanya pembe za waliojifia, kabla wengine hawajazichukua.

Hakuna ajuaye kwa yakini lililopita moyoni mwa Sheldrick katika miezi hiyo. Yeye ndiye aliyekataa risasi. Waliomuunga mkono Laws walisema mauaji ya haraka yangewaepushia wanyama mateso. Waliomuunga mkono Sheldrick walisema kifo cha majike ndicho kilichopunguza uzazi kwa namna ambayo bunduki isingeweza kuchagua. Mjadala huo haujamalizika katika vyuo, na mtu mwaminifu atakubali kwamba kila upande una la kujibu.

Lililo wazi ni kwamba katika zizi la Voi, chupa hazikukoma. Walezi walimnyonyesha ndama mmoja huku maelfu wakianguka umbali wa mwendo wa saa chache. Mtu anaweza kuuliza maana ya kazi kama hiyo. Lakini kwa aliyeishika chupa, ndama aliye mbele yake hakuwa sehemu ya hesabu ya 6,000.

Na hata chupa yenyewe ilikuwa fumbo. Ndama wa ndovu hutegemea maziwa kwa takriban miaka miwili ya kwanza, lakini mafuta ya maziwa ya ng'ombe humharisha na kumuua. Wachanga kabisa walioletwa Voi walikufa mmoja baada ya mwingine, licha ya Daphne kujaribu kila mchanganyiko. Miaka ilipita, makaburi madogo yakaongezeka. Hatimaye aligundua kwamba maziwa ya watoto wachanga wa binadamu, yakitiwa nazi, yalikubalika tumboni mwa ndovu. Mtu wa Pwani, aliyelelewa kwa tui, hatashangaa sana.

Aliyenusurika kwa mchanganyiko huo alikuwa Aisha, ndama mdogo sana aliyefika Voi katikati ya miaka ya 1970. Daphne alimlea mwenyewe, mchana na usiku, na kwa miezi kadhaa alinawiri. Kisha Daphne akalazimika kusafiri kwa arusi ya bintiye. Aisha alimtafuta, akamkosa, akakataa kunyonya. Kabla ya mlezi wake kukaa sana baada ya kurejea, ndama huyo alikufa. Maziwa yalikuwepo, chupa ilikuwepo, walioishika walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja.

Kutokana na msiba huo ndipo ilipotoka kanuni ya zamu. Ndovu asipewe mama mmoja wa kibinadamu, apewe familia, ili mmoja akiugua au akienda likizo asife kwa huzuni. Mlezi apende, lakini asipendwe peke yake. Ni jambo gumu kuliandika katika mkataba wa kazi, lakini ndilo linalowaongoza wanaume wa makoti ya kijani hadi sasa.

Wakati huo upepo mwingine ulikuwa umeanza kuvuma. Bei ya pembe ilipaa duniani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na waliokuja kuzitafuta hawakubeba upinde. Walikuwa magenge yenye bunduki, na nyuma yao palikuwa na wanunuzi wenye magari na marafiki wakubwa. Kikosi cha Sheldrick, kilichozoea kufuata nyayo za mwindaji mmoja, sasa kilirushiana risasi na watu waliojihami vizuri kuliko askari.

Mwaka wa 1976 bodi ya mbuga za kitaifa iliunganishwa na idara ya serikali ya wanyamapori. Katika mabadiliko hayo Sheldrick aliondolewa Tsavo na kuletwa Nairobi kuongoza kitengo cha mipango. Kwenye karatasi ulikuwa wadhifa wa juu. Kwa mtu aliyekaa nyikani karibu miaka 30, akaijua kila barabara kwa sababu aliipasua mwenyewe, ilikuwa kung'olewa na mizizi.

Rufus na Samson hawakuja naye. Eleanor na wenzake walibaki Voi mikononi mwa wachungaji wao. Familia ilihamia Nairobi, na meja akawa mtu wa faili.

Mei 1977 serikali ya Rais Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji nchini. Sheldrick aliishi kuona tangazo hilo, lakini si zaidi. Juni 13, 1977 moyo wake ulisimama ghafla. Alikuwa na umri wa miaka 57, na miezi sita tu ilikuwa imepita tangu aondoke Tsavo.

Mwaka huo huo Daphne, akisaidiwa na marafiki, alianzisha wakfu kwa jina la mumewe. Aliruhusiwa kuishi ndani ya Mbuga ya Nairobi, na huko ndiko mabanda yalikojengwa. Olmeg, ndama aliyepokewa 1987, alikuwa miongoni mwa wachanga wa kwanza kuvuka salama hatari ya maziwa na upweke. Tangu hapo zaidi ya mayatima 300 wamelelewa. Wakihitimu Nairobi hupelekwa Voi, Ithumba au Umani, ambako mlango hufunguliwa kila asubuhi kwa namna ile ile ya zamani. Mwaka wa 2019 wakfu ulifupisha jina lake na kubaki na la ukoo, ili liwabebe mume na mke kwa pamoja.

Tsavo yenyewe ilipitia usiku mrefu. Hesabu ya 1988 ilikuta ndovu wapatao 5,400 tu katika eneo ambalo miaka 20 awali lilikuwa na zaidi ya 35,000. Ukame ulichukua sehemu, na bunduki zikachukua nyingine iliyo kubwa zaidi. Miti ikarudi, kama alivyobashiri Sheldrick, ingawa si kwa njia aliyoitaka. Sensa ya kitaifa ya 2021 ilihesabu ndovu 14,964 Tsavo, kati ya 36,280 waliopatikana nchini kote. Mwaka uliofuata ukame mwingine uliua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, na walezi wakapokea tena ndama waliokutwa kando ya mama zao.

Eleanor aliishi Voi kwa miaka mingi baada ya kifo cha Sheldrick. Ndama waliotoka Nairobi walipelekwa kwake, naye akawapokea mmoja baada ya mwingine, akiwafunza njia za maji na majani. Makundi ya porini yalipita karibu naye misimu mingi, na kila jioni alirudi zizini. Kisha katika miaka ya 1990, akiwa jike mtu mzima, akafuatana na wenzake wa porini na hakurudi kulala. Walezi walibaki na wadogo waliokuwa bado wanahitaji chupa.